Mahali Mwanamke Anapotua Mzigo

Wivu wa Godelive uliingia nyumbani kwetu pamoja na habari za bisi.

Wakati ule zone yetu ya Kadutu ilikuwa imeahidiwa bisi mbili za abiria, na ilibidi watu waamue zipite wapi na zisimame wapi. Wakatafutwa watu wa kujitolea, bila mshahara, wakae kwenye kamati ya usafiri. Mwanangu Aloys akakubali.

Kazi ya Aloys ilikuwa kuchimba. Si dhahabu, kama vijana wanaokwenda Shabunda. Yeye alichimba vyungu vilivyovunjika, majembe yaliyoliwa na kutu, na makaa ya moto uliozimwa na watu ambao hakuna anayekumbuka majina yao. Kwa Kifaransa mtu kama huyo anaitwa archéologue. Bironi, yaani ofisini, alikuwa Citoyen Birindwa, maana serikali ilikataza majina ya ubatizo na kila mtu akawa citoyen, mwananchi, na majirani walimwita Citoyen Vigae. Nyumbani alibaki Aloys. Mwaka ule Land Rover ya kazini kwao haikuwa na matairi, basi hakuenda kuchimba. Alikaa akipanguza vigae vilevile alivyokwisha kupanguza. Walipomwita kwenye kamati alitoka mbio kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Godelive, mke wake, alifurahi mwanzoni. Alikuwa dactylo, mpiga mashine ya kuandika, katika biro moja ya Ibanda, mwanamke wa viatu vilivyopakwa rangi na nywele zilizosukwa vizuri. Mimi nilikaa nao tangu nilipofiwa na mume wangu, na nasema bila kumpendelea: hakuna jioni niliyorudi kutoka kanisani bila kukuta ameniwekea maji ya moto ya miguu. Hata siku za wivu wake mkali, yale maji yalikuwapo.

Kati yao walikuwa na jambo moja lililokuwa lao. Kila Aloys alipopata kitu ardhini, Godelive ndiye alikuwa wa kwanza kusikia, kabla hata ya mkubwa wake wa kazi. Mara moja alirudi na matope mpaka magotini, akakataa maji ya kunywa, akatoa kipande cha chungu chenye alama ya kidole cha mfinyanzi. Godelive akaweka kidole chake pale. Kilienea kabisa. Walikaa hivyo, yeye na kidole chake ndani ya kigae, mume wake akimtazama, mpaka bugali ikapoa. Baadaye Aloys alizoea kusema ripoti zake kwa sauti naye Godelive akipiga kwa mashine. Mimi sikuelewa neno, lakini nilipenda kusikia ile mashine.

Kwenye kamati, watu walitaka kuchora mistari kwenye karatasi. Aloys akawaambia watu wameshachora wenyewe, kwa miguu, kazi iliyobaki ni kutazama chini. Ndivyo alivyozoea kufanya kazi. Akaanza kupanda na kushuka kilima cha soko asubuhi na mapema, akitafuta mahali wanawake wenye mizigo wanapopumzika. Alitafuta maganda ya muwa, magunzi ya mahindi, udongo uliokaliwa mpaka ukang'aa. Hapo, alisema, ndipo bisi inapaswa kusimama.

Aliyemwonyesha njia alikuwa Colombe. Alikuwa muuza mawese, mjumbe wa wanawake wa soko katika kamati. Mume wake alikaa Bunyakiri, ndiye aliyemtumia mawese kwa lori. Colombe alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kucheka mpaka wapita njia wanageuka. Sikumwona na ubaya. Mtoto akianguka sokoni, Colombe ndiye wa kwanza kumwinua.

Lakini jina lake likaanza kula pamoja nasi. Tukikaa mezani: Mama Colombe amesema wanawake wa asubuhi si wale wa mchana. Tukila sombe: Mama Colombe anajua mahali mvua inapokata njia. Aloys alisema hayo akiwa na furaha, akitafuna, bila kumtazama mke wake. Godelive aliuliza swali moja, kisha nusu ya swali, kisha akaacha. Mashine ikakaa kwenye kona na kitambaa juu yake. Mambo ya udongo yalikuwa yanasemwa kilimani sasa, na yakifika kwetu yalikuwa yamekwisha kusikiwa na mwingine.

Siku moja ya kufua, nilikuwa uani nikichambua maharage. Godelive akaja na mfuko wa kazi wa Aloys mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika ngata, ile duara tunayoweka kichwani chini ya mzigo. Ngata hii haikuwa ya majani ya ndizi. Ilikuwa ya kitenge kilichopasuliwa, kijani chenye maua ya njano, na Kadutu nzima ilijua nani anavaa kitenge hicho.

"Mama, hii iko ya nani?"

Nikaendelea na maharage.

"Hata wewe unajua," akasema, akaketi chini karibu yangu. Hakulia. Alichukua kiganja cha maharage kutoka kwenye ungo wangu akaanza kuchambua naye, haraka haraka, akitupa na mazuri. Nilimwacha atupe.

Aloys aliporudi alimuuliza mbele yangu. Mwanangu hajui kudanganya. Akijaribu, masikio yake yanawaka. Alisema ni kitu cha kazi.

"Kazi gani?" Godelive akasema. "Hiyo bisi yenu itabebwa kichwani?"

Aloys akauchukua mfuko wake, akaanza kuufunga. Godelive akasema polepole, kama mtu anayesoma tangazo, kwamba akikuta kuna jambo atamchukua Valérie, binti yao, warudi kwao Nyantende. Tangu hapo hatukuwa na kitu kingine nyumbani ila neno hilo. Nilikuwa naamka nalo, nalala nalo. Wao wawili walikuwa ndio nyumba yangu.

Asubuhi moja akaniambia anakwenda kuangalia kwa macho yake. Nikasema nitakwenda naye, maana kitu kama hicho mwanamke hapaswi kukitazama peke yake. Tulikuwa tumeshafika njiani aliporudi ndani mbio. Nilidhani amebadilisha mawazo. Alirudi na foulard yangu ya sufu, akanifunga shingoni kwa sababu ya baridi, kisha tukaendelea kwenda kumfumania mwanangu.

Tukasimama nyuma ya rundo la matofali ya mtu, karibu na kona ya kilima. Ukungu ulikuwa bado chini, juu ya ziwa. Wanawake wakaanza kutokea, mmoja, wengine, shingo zimenyooka. Colombe akaja na bidon ya mawese kichwani, akitembea kama asiyebeba kitu. Na nyuma yake, katikati ya wanawake, Aloys.

Alikuwa amevua koti lake la abacost. Kichwani alibeba bidon ya mawese, ameishika kwa mikono miwili, shingo imekakamaa, macho yamemtoka. Kwetu mwanaume anabeba begani, au anaita mtu wa kubeba. Kichwa, na paji la uso linalovutwa na kamba ya mzigo, ni vya mwanamke. Mwanaume akionekana na mzigo kichwani, watasimulia mpaka siku ya mazishi yake. Wanawake walicheka mpaka wakalazimika kushika mizigo yao isianguke.

"Acha kuangalia miguu, papa!" Colombe akamwambia. "Miguu iko inajua njia!"

Alipofika kwenye kona magoti yakamkataa. Colombe na mwingine wakamtua. Akachomeka kijiti ardhini, pale pale alipochoka, akafuta jasho, akacheka naye. Hapo nikaelewa yote: alitaka mwili wake mwenyewe umwambie pa kupumzika, na ngata aliificha kwa aibu ya mwanaume, si kwa dhambi. Moyo wangu ukatua. Nikamgeukia mkwe wangu nikitabasamu.

Uso wake ulikuwa mzito kuliko tulivyokuja.

"Mama, anamwachia amucheke," akasema. "Mimi hajaniachia hata siku moja nimuone amechoka."

Kama tungemkuta amemkumbatia mwanamke mwingine, ningejua la kusema.

Nyumbani hakupiga kelele. Alimwambia Aloys ameona, na kwamba hana neno na bidon. Neno lake lilikuwa lingine.

"Ungeniuliza mimi."

"Wewe?" Aloys alishangaa kweli. "Wewe uko dactylo."

"Nimezaliwa Nyantende, Aloys. Hiki kilima nilikipanda na mihogo kabla sijajua kusoma. Mama alikuwa mugonjwa. Nilikipanda peke yangu."

Mwanangu akakaa kitini. Miaka yote ya ndoa hakuwa amesikia hayo. Godelive alipoingia katika biro za watu na viatu vyake, mihogo aliiacha nje ya mlango, hakuizungumza tena. Na Aloys, ambaye aliweza kukaa siku nzima akiuliza kigae kimetoka wapi, mke wake hakumuuliza. Niliona wote wawili wakilijua hilo kwa wakati mmoja. Aloys akamshika mkono akamwomba aje kwenye réunion ya kamati aseme anayoyajua. Godelive alivaa kitenge chake cha sikukuu. Alipokuwa akifunga kilemba mbele ya kioo nilimsikia akiimba kwa pua, na nikadhani mambo yamekwisha.

Réunion ilikuwa katika darasa la shule. Nilikwenda, nikakaa nyuma na Valérie mapajani. Mwenyekiti alikuwa Papa Philémon, dereva wa malori aliyestaafu. Alipomwona Godelive hana mahali, alisimama akampa kiti chake chenye mgongo, na yeye mwenyewe akakaa kwenye benchi la watoto, magoti yamemfika kidevuni, akaongoza mkutano hivyo hivyo.

Aloys akaeleza kuwa vijiti vingi alivyochomeka viko kwenye kona, kwa hiyo kituo kiwe kwenye kona. Watu wakakubali. Godelive akainua mkono.

Alisema kwenye kona wanapumzika wale wanaotembea wengi, kwa sababu mmoja anamtua mwenzake na anamtwika. Mwanamke wa peke yake akitua pale, nani atamtwika? Atabaki amesimama na mzigo chini, akisubiri huruma ya mpita njia, na jua linapanda. Huyo hasimami kwenye kona hata akifa kwa uchovu. Anasimama chini zaidi, kwenye ukingo wa udongo unaofika kifuani. Pale anageuka, anausukuma mzigo juu ya ukingo, anapumzika amesimama. Kisha anainama kidogo, anauvuta kichwani, anaondoka. Alionyesha kwa mikono, kwa shingo, kwa kiuno, mbele ya watu wote, na kitenge chake cha sikukuu. Hakuna aliyecheka. Wanawake wawili wa soko walikuwa wanatikisa kichwa kukubali.

Kisha mwanangu akakosea. Katika kazi yake hawaamini kigae kimoja, wanatafuta cha pili kilichokaa karibu ndipo waseme ni kweli. Hii ilikuwa imemwingia katika damu. Alikuwa amefurahi, macho yanang'aa, na bila kufikiri akageuka upande wa pili.

"Mama Colombe," akauliza, "ni kweli?"

Colombe aliliona kosa lile kabla ya Aloys mwenyewe. Alitazama mikono yake.

"Papa, bibi yako amekwisha kusema," akajibu. "Mimi sijapanda peke yangu hata siku moja. Uniulize nini tena?"

Alikuwa anajaribu kumrudishia Godelive kilicho chake, na alifanya vizuri kadiri mtu anavyoweza. Lakini Godelive alikuwa ameshachukua mkoba. Papa Philémon akasema kutoka kwenye benchi lake dogo kwamba kituo kitakuwa kwenye ukingo, na kamati yote ikakubali. Yule aliyeshinda alikuwa ameshatoka mlangoni.

"Nimesema mbele ya watu," aliniambia nyumbani, "na yeye ameuliza mwingine kama mimi niko nasema kweli."

Jumamosi, salongo ikiisha, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, angekwenda Nyantende na mtoto. Aloys alimwomba msamaha, akaeleza mambo ya vigae viwili. Alieleza vizuri mno. Godelive alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia yeye si kigae.

Kesho yake Colombe alikuja mpaka kwenye lango letu na chupa ya mawese mapya. Hakuingia. Aliniomba nimwambie Godelive kwamba yeye, Colombe, hana kitu na mume wa mtu, na kwamba mume wake mwenyewe wa Bunyakiri anatosha kumuumiza kichwa. Nilicheka, naye akacheka, lakini kidogo. Godelive alikuwa nyuma ya dirisha, akisikia kila neno. Colombe alipoondoka alitoka, akaichukua ile chupa akampa jirani.

Aloys aliniuliza afanye nini. Kwetu mke akirudi kwao, mume hamfuati. Anabaki nyumbani na kukaza uso. Siku zikipita ndipo wajomba na baba zake wadogo wanakwenda na kasiksi, pombe ya ndizi, kwa wazazi wa mke, wanaketi, wanauliza kosa ni lipi. Nikamwambia nitawatafuta wazee. Alikuwa anatazama chini, kama kawaida yake, lakini safari hii hapakuwa na kitu pale chini.

Jumamosi Kadutu yote ilikuwa barabarani kwa salongo, na majembe na mafagio. Godelive hakungoja iishe. Alipanga nguo katika kikapu kikubwa, akakibeba kichwani, yeye dactylo, mchana, kwenye njia ileile. Nilimsindikiza, nimemshika Valérie mkono. Watu walitusalimia, wakatazama kikapu, wakaelewa, na wema wao ulikuwa kwamba hawakuuliza. Tulipita Aloys akilima mfereji na wanaume wenzake. Aliinua kichwa. Godelive hakugeuza shingo, na mwenye mzigo hana haja ya kutoa sababu.

Tulishuka mpaka kwenye ukingo. Pale aligeuka, akakisukuma kikapu juu ya udongo, akasimama akipumua. Hakuhitaji mtu. Valérie alimtazama mama yake kwa mdomo wazi.

Tukasikia miguu. Aloys alikuwa anashuka mbio, jembe bado mkononi, matope mpaka magotini.

"Usinizuie," Godelive akamwambia.

"Sitakuzuia. Unaenda Nyantende?"

"Naenda Nyantende."

Akaweka jembe chini. "Basi nitwike."

Godelive akatazama juu. Kilima chote kilikuwa kimesimamisha majembe. Papa Philémon alikuwa pale, wanaume wa kazini kwao walikuwa pale, na wanawake wa soko, na kati yao Colombe.

"Batu bote banaangalia," Godelive akasema.

"Nitwike, mama Valérie."

Godelive akakivuta kikapu kutoka kwenye ukingo, akamwekea mume wake kichwani. Kicheko kikaanzia juu kwa wanaume, kikashuka mpaka kwetu. Mmoja akauliza Citoyen Vigae ameolewa na nani. Aloys aliyeificha ngata hata kwa mama yake hakukimbia. Hakurudi upande wa nyumbani pia, kama nilivyotumaini. Alishika njia ya Nyantende, polepole, akimpeleka mke wake anakotaka kwenda. Godelive akafuata nyuma, na mimi na mtoto nyuma yao.

Tulitembea mpaka vicheko vikaisha.

"Alipokutwika yeye," Godelive akauliza, "alicheka?"

"Alicheka."

"Sana?"

"Sana."

"Na wewe?"

Nikamwomba Mungu mwanangu adanganye. Masikio yake hayakuwaka.

"Na mimi pia nilicheka," akasema.

Godelive akaenda hatua kadhaa. Aloys alikuwa anayumba, kikapu kimeinama upande, mikono yote miwili juu. Mke wake akamtazama mgongo, akamtazama shingo. Kisha akaenda mbele, akamsimamisha katikati ya barabara.

"Shingo imekaa vibaya," akasema. "Yule mwanamuke hakukufundisha kitu."

Akamshika kidevu, akakiinua. Akamshusha mabega kwa viganja vyake, akamwondolea mkono mmoja kwenye kikapu, akauweka chini ubavuni. Akarudi nyuma kumtazama. Aloys akapiga hatua, na nyingine, kikapu kikatulia. Godelive akacheka. Alicheka kwa sauti mpaka akashika kiuno, na machozi yakamtoka, na sikujua ni ya nini yote.

Mimi nilikuwa nimechoka. Akaliona hilo, akaja kunifunga foulard vizuri, akaniambia nirudi na Valérie, njia ni ndefu. Wao watafika kwa wazazi wake, watalala, kesho baada ya misa watarudi.

"Loweka maharage, mama," akasema. "Kesho tutakula sisi bote."

Nikamshika mtoto mkono, nikageuka. Hatujafika mbali akaniita tena.

"Lakini mawese, mama, nunua kwa mwingine."